Zawadi ya sweta au blanketi la kufuma kwa mtoto wa rafiki: uzi gani, saizi gani, na litafuliwa vipi?

Mwanzisha uzi (Iringa)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kila anapojifungua mmoja wa rafiki zetu, maswali yale yale hurudi humu vipande vipande: uzi upi haumwashi mtoto, kofia ianze na vitanzi vingapi, sweta la kumpelekea mzazi lianze kufumwa lini. Nimeona niyaweke pamoja kwa urefu kidogo, kisha wenye uzoefu tofauti waongeze au wanipinge. Ninazungumzia zawadi ya mkono tu. Kufuma kwa biashara kuna hesabu zake, na wala hakuchagui uzi kwa vigezo hivi.

Msimamo wangu nautanguliza ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Sweta la zawadi lina thamani kwa mara ambazo mtoto amelivaa. Mengi ya yale mazuri tunayofuma huishia ndani ya sanduku na kutolewa siku ile tu ambayo aliyeyaleta anapiga hodi, kwa sababu lilikuwa dogo, au lilikuwa la joto mno kwa mji anaoishi mtoto, au mama yake aliogopa kulifua. Ufundi wa mfumaji hauna lawama hapo. Mambo hayo huamuliwa dukani na kwenye daftari, kabla sindano hazijashikwa.

Nianze na saizi, kwa kuwa ndiyo inayoharibu zawadi nyingi kuliko kitu kingine. Mtoto aliyezaliwa miezi yake ikiwa imetimia huwa na mzunguko wa kichwa wa sentimita 34 au 35 hivi. Akifikisha miezi mitatu unakuwa kama 40, na kwenye miezi sita ni 42 hadi 43. Kwa hiyo kofia iliyomkaa barabara wiki ya kwanza haitamwingia mwezi wa tatu. Tena zingatieni desturi zetu: wengi hatupeleki nguo za mtoto kabla hajazaliwa, kwa kuogopa kuchuria, na wapo wanaosubiri hadi arobaini ipite ndipo waende kumwona mzazi. Mpaka hapo, ndugu na majirani wamekwisha kuleta nguo za mtoto mchanga za kutosha mapacha. Mimi sifumi kitu chochote chini ya saizi ya miezi sita, isipokuwa nimeombwa na mama mwenyewe.

Baada ya hapo hesabu miezi ya mwaka. Mtoto anayezaliwa hapa Iringa mwezi Desemba atakuwa na miezi sita Juni, baridi ikiwa ndiyo inaanza kuuma. Sweta la miezi sita litamfaa kikamilifu. Anayezaliwa Julai atatimiza miezi sita Januari, na sweta lile lile litalala kabatini mpaka limpite. Huyo mfumie la mwaka mzima, limkute Juni inayofuata. Hesabu hii ni ya dakika moja, lakini sijawahi kuiona kwenye kielelezo chochote cha kufumia, kwa sababu vielelezo vingi vinaandikwa na watu wa nchi ambazo baridi yao huja Desemba.

Sasa vitanzi. Kifua cha mtoto wa miezi sita ni sentimita 43 hivi. Ongeza 5 za nafasi na za fulana ya ndani, upate 48. Uzi wa unene wa kati, ule ulioandikwa DK kwenye karatasi yake, ukifumwa kwa sindano za milimita 4 hutoa kwa kawaida vitanzi 22 na mistari 28 katika kipande cha sentimita 10 kwa 10. Hiyo ni vitanzi 2.2 kwa kila sentimita, na 48 mara 2.2 ni 105.6, yaani vitanzi 106 kuzunguka mwili wote. Chukulia kwamba mkono wako unabana na kipande chako cha majaribio kinatoa vitanzi 24 badala ya 22. Vitanzi vile vile 106 vitakupa sentimita 44 na kidogo, na sweta la miezi sita limegeuka la miezi mitatu bila wewe kukosea mstari hata mmoja. Ndiyo maana ninasisitiza kipande cha majaribio, tena kifuliwe na kukaushwa kabla ya kupimwa. Anayeona hicho ni kupoteza uzi akumbuke kwamba kinafumuka, na uzi wake unarudi kwenye donge.

Kofia ya mtoto wa umri huo nifumayo mimi ni ya sentimita 40, ingawa kichwa ni 43, kwa kuwa kufuma huvutika na kofia isiyobana kidogo huteleza hadi machoni. Hivyo ni vitanzi 88. Namba hiyo inanifurahisha kwa sababu inagawanyika kwa nane: ukifika utosini unapunguza kitanzi kimoja katika kila fungu la vitanzi 11, na mafungu manane yanakwenda kukutana juu yakifanya nyota safi.

Kuhusu shingo, kichwa cha mtoto ni kikubwa kikilinganishwa na mwili wake, na hakuna mama anayependa kugombana na sweta lililokwama kwenye masikio ya mtoto anayelia. Fumeni la kufunguka mbele lote, au lenye vifungo begani. Vifungo vishonwe kwa uzi wa cherehani ulio imara, si kwa uzi wa sufu wenyewe, kisha uvivute kwa nguvu kama mtoto atakavyovivuta kwa meno. Kamba shingoni sipendi kabisa. Ulaya kuna kiwango cha usalama, EN 14682, kinachokataza kamba za kuvuta kwenye shingo na kofia za nguo za watoto wadogo, na sababu yake haihitaji maelezo.

Mwisho ni uzi wenyewe. Mwingi unaopatikana madukani kwetu, kuanzia Kariakoo hadi masoko ya mikoani, ni akriliki. Una sifa zake: ni rahisi, hauliwi na nondo, unafuliwa kwa mkono bila kunywea, unakauka upesi. Una na kasoro moja ambayo wafumaji hatuisemi kwa sauti. Ukishika moto huyeyuka, na kinachoyeyuka hunata kwenye ngozi. Katika nyumba ambayo jiko la mkaa huingizwa ndani jioni ili kuota, nisingeweka mashada yanayoning'inia wala mikono mipana kwenye sweta la akriliki. Sufu halisi ya kondoo haishiki moto kwa urahisi hivyo na inatunza joto hata ikiwa na unyevu, lakini ni ghali, na ikifuliwa kwa maji ya moto na kufikichwa hunywea ikawa ngumu kama zulia. Pamba ni baridi, inanyonya jasho, inastahimili pasi. Uzito wake ni mkubwa, na ikilowa huchukua muda kukauka.

Unaponunua, usijaribu ulaini kwa kiganja, kwa sababu kiganja kimezoea kazi. Weka donge chini ya kidevu na usugue taratibu. Halafu angalia karatasi iliyozungushiwa donge: mara nyingi ina namba mbili, moja ya rangi na nyingine ya mkupuo uliotiwa rangi pamoja. Madonge mawili yenye namba moja ya rangi lakini mikupuo tofauti yanaweza kuonekana sawa chini ya taa ya dukani, kisha yakaacha mstari katikati ya mgongo wa sweta ukilitazama juani. Nunua yote kwa mara moja, na donge moja la ziada.

Karibuni.

Mchangiaji (Njombe)

Mwanzisha uzi, ahsante kwa kazi hii. Huku kwetu baridi haihitaji kupigiwa debe, kwa hiyo niongezee namna ya kupata sufu na pamba nzuri bila kuzinunua kwa bei ya dukani: kufumua masweta ya mitumba. Sweta moja la mtu mzima linatosha sweta la mtoto na kofia, na pengine soksi juu yake, na uzi wake mara nyingi ni bora kuliko wowote utakaoupata kwenye rafu.

Si kila sweta linafumulika, na hapa ndipo wengi wanapoteza fedha. Ligeuze ndani nje utazame mishono ya ubavuni. Ikiwa kitambaa kimekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, liache, kwa sababu kila mstari umekatwa mwisho wake, na utakachopata ni vipande vya uzi vyenye urefu wa mkono. Ikiwa kingo za kila kipande ni nzima na zimeunganishwa kwa mshono wa mnyororo, hilo ndilo. Tafuta ncha ya mshono, ufungue, na mshono wote utafunguka wenyewe. Tenganisha mikono, mgongo na mbele, kisha anza kufumua kutoka juu, pale fundi alipomalizia.

Lebo ikiwa imekatwa, chomoa uzi mdogo uuchome pembeni, mbali na nguo. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika kwa vidole. Pamba hunuka kama karatasi. Akriliki huacha kitone kigumu cheusi. Uzi uliofumuliwa utakuwa umejikunja kama tambi za dukani. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, uufunge sehemu nne kwa vipande vya uzi mwingine ili usivurugike, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha uutundike ukining'inizia kitu chepesi chini. Ukikauka utakuwa umenyooka. Wanaoanza kufuma bila hatua hiyo hushangaa kwa nini vitanzi vyao vinapishana ukubwa.

Mchangiaji (Tanga)

Mwenzetu, shikamoo kwanza, maana maelezo yako ni ya mwalimu. Hata hivyo uzi huu umeandikwa na watu wa mlimani. Sisi wa pwani tunapewa masweta ya akriliki yenye kola hadi masikioni, mtoto anatokwa na vipele vya joto, na mzazi anashindwa kusema kwa kuona haya. Ninaomba anayefumia rafiki wa Tanga, Mombasa, Dar es Salaam au Zanzibar aache habari ya sweta. Huku kinachotumika ni shali nyepesi ya pamba, ya kumfunika mtoto alfajiri wakati wa kipupwe, au anapolala chini ya feni, au anapopelekwa kliniki asubuhi ndani ya gari lenye upepo. Mimi hutumia kroshia na uzi mwembamba wa pamba. Pamba nene ni kosa, kwani shali yake inakuwa nzito kuliko mtoto.

Jambo la pili ni pasi. Wamama wengi tulifundishwa na wakubwa wetu kupiga pasi kila nguo ya mtoto iliyoanikwa nje, pamoja na nepi, na mafundisho hayo yana msingi. Katika sehemu nyingi za joto za Afrika ya Mashariki na ya Kati kuna nzi, kwa jina la kitaalamu *Cordylobia anthropophaga*, anayependa kivuli na kutaga mayai kwenye udongo au kwenye nguo zenye unyevu. Funza wake huanguliwa baada ya siku chache na kuingia kwenye ngozi ya mvaaji, ambako hufanya jipu lenye tundu dogo la kupumulia. Joto la pasi huua mayai hayo, hasa ukiikandamiza kwenye mishono. Sasa mpe mama wa mazingira hayo blanketi la akriliki: akilipiga pasi ya moto linalala bapa na kung'aa, ule ufumaji wote unakufa na haurudi tena, asipolipiga anaogopa. Ndipo linapokwenda sandukuni, na wewe mwanzisha uzi umesema kweli kuhusu sanduku. Pamba inamaliza ugomvi huo.

Mwanzisha uzi (Iringa)

Dada wa Tanga, marahaba. Nakubali yote kuhusu pwani, na hilo la pasi lilistahili kuwa kwenye andiko la kwanza. Kwa aliye na akriliki tayari, ashauri lianikwe ndani ya nyumba, au juani kabisa na lianuliwe mara likikauka, lisiachwe kivulini chini ya mti. Kuhusu kroshia nina neno moja. Kitambaa chake ni kinene zaidi na hakivutiki kama cha sindano mbili, na kwa kawaida kazi ya ukubwa ule ule hula uzi mwingi zaidi. Kwa blanketi na shali sina ubishi, ina uzuri wake na haifumuki ovyo kitanzi kikidondoka. Kwa sweta la mtoto anayekua kila wiki, naegemea sindano mbili.

Mchangiaji (Limuru, Kenya)

Hamjambo nyote. Nina tahadhari moja kuhusu namba za sindano, maana imeharibu zawadi nyingi huku kwetu. Bibi na mama zetu wengi walijifunza kufuma shuleni au katika vikundi vya akina mama. Vikundi vya Maendeleo ya Wanawake vilivyoanza mwaka 1952 vilikuwa vikifundisha ushonaji na ufumaji pamoja na malezi ya watoto. Sindano tulizorithi kwao zina namba za Kiingereza, ambazo namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba: namba 8 ni milimita 4, namba 10 ni milimita 3.25, namba 11 ni milimita 3. Vielelezo vingi vinavyopatikana sasa kwenye intaneti ni vya Kimarekani, na huko mambo ni kinyume, namba ikipanda sindano inanenepa. Namba 8 yao ni milimita 5. Ukichukua kielelezo cha Marekani na sindano ya marehemu nyanya yako, zote namba 8, kofia itatoka ndogo na utamlaumu mwandishi bure. Fuateni milimita peke yake, na kama sindano haikuandikwa, kuna vipimo vya bati au plastiki vyenye matundu.

Wa kroshia nao wana mtego wao. Dabo ya Mwingereza ndiyo singo ya Mmarekani, na trebo ya Mwingereza ni dabo ya Mmarekani. Kabla hujaanza blanketi la mtu, tazama kama kielelezo kinataja singo popote. Kikiitaja, ni cha Kimarekani, kwa kuwa Waingereza hawana jina hilo katika mishono yao.

Mchangiaji (muuguzi, Mwanza)

Nimesoma kwa furaha na nina mambo ya kuongeza kutoka wodini. Mwanzisha uzi amesema hafumi chini ya miezi sita, nami nakubaliana naye kwa mtoto aliyetimiza miezi. Rafiki yako akijifungua kabla ya wakati, hesabu inabadilika kabisa, na huyo ndiye anayehitaji kitu cha mkono haraka, kwa kuwa madukani hakuna kinachomtosha mwanawe. Kichwa cha mtoto njiti mara nyingi hukaa kwenye kofia ya sentimita 25 hadi 30. Kichwa ni sehemu kubwa ya mwili wake na joto hupotea hapo kwa wingi.

Watoto hao hulelewa kwa huduma ya kangaruu, ile ya kumfunga mtoto kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, na ambayo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa watoto wanaozaliwa na uzito mdogo, yaani chini ya gramu 2,500. Mtoto aliye kwenye kangaruu huvaa nepi, kofia na soksi. Sweta hapo ni kizuizi, kwa kuwa linaitenga ngozi yake na ya mama. Kwa hiyo marafiki wakitaka kusaidia walete kofia laini mbili au tatu, ili moja ikilowa nyingine iwepo, na soksi zenye shingo ndefu inayovutika, zisizo na kamba. Ulizeni wodi kwanza kama inapokea za nyumbani na zifuliweje.

Jambo jingine ni ndani ya soksi na glavu. Zigeuzeni ndani nje mzitazame. Uzi uliolegea ndani, au zile nyuzi zinazoruka nyuma ya kazi pale mnapobadilisha rangi, huweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kukikaba mpaka damu isipite. Mtoto analia, mama anadhani ni tumbo. Kidole kikigunduliwa kimevimba ndani ya soksi, hiyo ni safari ya hospitali mara moja. Kwa sababu hiyo sifumi rangi mbili kwenye soksi wala glavu za mtoto, na mablanketi ya matundu makubwa nayaachia watoto waliokwisha kuanza kutembea.

Mchangiaji (Minneapolis, Marekani)

Niungane na muuguzi kuhusu mablanketi. Huku wazazi huambiwa hospitalini, kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja alale chali kwenye godoro gumu, bila mto wala blanketi lililolegea. Ni mwongozo wa Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, na toleo lao la mwaka 2022 linashauri hata kofia isivaliwe ndani ya nyumba baada ya saa za mwanzo za uhai, ili mtoto asizidiwe na joto. Ndugu zetu wanaotuma mablanketi kutoka nyumbani hushangaa wakiona kwenye picha limetandikwa kwenye kiti. Halijadharauliwa. Hutandikwa sakafuni mtoto anapojifunza kugeuka, hufunikwa mtoto aliye macho kwenye kigari, na theluji ikiwa nje hakuna anayelisahau nyumbani. Anayemfumia rafiki aliyeko huku alifume la ukubwa wa kigari, sentimita 75 kwa 75 zinatosha, na aandike kwenye kadi kwamba ni la kigari na la sakafuni. Mashine za kufulia huku ni kali, hivyo sufu isiyo ya kufuliwa kwa mashine itanywea safari ya kwanza. Akriliki au pamba ndiyo salama ya mama mwenye usingizi.

Mchangiaji (Morogoro)

Wakuu, nimejifunza mengi. Mimi ni mgeni katika kufuma, sijawahi kumaliza kitu zaidi ya skafu. Shoga yangu anatarajia mwezi ujao, nina gramu 300 tu za uzi wa DK wa rangi ya njano, na duka lilikuwa limebakiwa na huo. Je, unatosha blanketi, na nitajuaje kwamba hautaisha katikati?

Mwanzisha uzi (Iringa)

Bibie wa Morogoro, unatosha la mraba la sentimita 70 hadi 75, na ipo njia ambayo haikuachi ukiwa na robo blanketi na donge tupu. Ni kulifuma kutoka pembe kwenda pembe. Unaanza na vitanzi vitatu tu. Mwanzoni mwa kila mstari unafuma kitanzi cha kwanza mara mbili, mbele yake na nyuma yake, kabla ya kukiachia, kisha unafuma vilivyobaki kwa mshono wa kawaida wa mbele (knit) hadi mwisho. Unageuza, unarudia. Mistari yote ni ya aina moja, pande zote mbili zinafanana, na kingo hazijikunji. Pembetatu yako itakua kitanzi kimoja kila mstari.

Kabla hujaanza, pima uzi wote kwenye mizani ya jikoni, uandike. Endelea kuongeza mpaka uliobaki uwe umezidi nusu kidogo, tuseme gramu 155 kati ya 300. Hapo ndipo ulalo wa blanketi ulipo. Kuanzia mstari unaofuata, fuma vitanzi viwili vya kwanza kwa pamoja kila unapoanza mstari, na pembetatu ya pili itapungua kwa mwendo ule ule ambao ya kwanza ilikua, ikila uzi kiasi kile kile. Gramu kumi hivi zitakazobaki ni za kushona ncha na za akiba: zisizotumika zifunge kwenye kadi pamoja na zawadi, ili siku blanketi likitoboka mama awe na uzi wa rangi ile ile wa kuliziba.

Sindano zako za kawaida zitakusumbua katikati, kwa sababu kwenye ulalo utakuwa na vitanzi zaidi ya 200 vinavyosukumana, na vya ukingoni vitadondoka. Tafuta sindano za mviringo, zile mbili fupi zilizounganishwa kwa waya laini wa plastiki, urefu wa sentimita 80 au 100. Unafuma ukirudi kama kawaida, lakini uzito wa kazi unakaa mapajani badala ya kwenye viganja. Milimita 4 au 4.5 zote zinafaa. Rangi ya njano usiione kama ya kubahatisha. Ukiwa hujui anayezaliwa ni wa kike au wa kiume, ndiyo hiyo hiyo ambayo wengine tungechagua.

Muda nao ufikirie. Kama anajifungua mwezi ujao, usijibane limalizike siku hiyo. Nenda kumwona mzazi na kile utakachojaliwa, sabuni au doti ya khanga, na blanketi lifuate atakapokuwa ametoka arobaini na nyumba imepungua wageni.

Ukibakiwa na vitanzi vitatu, vifume kwa pamoja viwe kimoja, kata uzi ukiacha urefu wa shubiri, uupitishe ndani ya kitanzi hicho na ukaze. Ncha zote zishone kwa sindano butu ndani ya mishono, kwenda na kurudi, zisibaki fundo la kumkwaruza mtoto. Halafu lifue kwa maji ya uvuguvugu, ulikamue kwa kulikunja ndani ya taulo bila kulisokota, na ulitandaze likauke bapa ukiwa umevuta pembe zake nne zilingane. Likiwa kavu, liguse kwa shingo yako kabla ya kulifunga.